Nyumba za Ulanga

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku bondeni, uzigawe nyumbani kwako: nyingi kwa wifi, nyingi zaidi kwa wanangu, na zitakazobaki chukua wewe. Mgongo unaendeleaje? Mama aliniambia ulilalamika ulipokuwa unanyanyua ndoo, nikashangaa, maana sikujua kwamba mtu mwenye cheo kama chako bado ananyanyua ndoo. Mimi ni mzima, ila vidole vimechubuka kwa maji ya mto na spiriti. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu mtandao wako una tabia ya kukatika kila ninapofika kwenye jambo lenyewe.

Hongera kwa kupanda cheo. Nasikia sasa wewe ndiye ofisa mazingira wa kiwanda cha ngozi, na una kiti kinachozunguka. Mimi bado niko kwenye chumba kile kile cha maabara ya mto, chenye dirisha lisilofunga na hadubini ninayoifuta kwa upindo wa gauni. Kazi yangu unaijua, umeicheka sana mezani mbele ya wageni. Mama Minyoo, ulikuwa unaniita, amesomeshwa kwa jasho la baba ili akahesabu wadudu. Wageni walicheka mpaka wakapaliwa.

Basi nikueleze tena hiyo kazi, maana siku hizi inakuhusu. Kipimo cha maji hukuambia maji yalivyo saa ile tu. Kiwanda kinaweza kufunga bomba lake asubuhi ya ukaguzi, maji yakapita meupe, wakaguzi wakatia saini wakaenda zao. Wadudu hawafungwi kama bomba. Wanaishi humo humo, wanakunywa kila kinachomwagwa. Wenye mikia mitatu na wale wanaojishikiza chini ya mawe hufa upesi maji yakichafuka, kwa hiyo ukiwakuta wengi, mto ni mzima. Ukikuta minyoo wekundu peke yao, mto unaoza. Kwenye kona iliyo chini ya kiwanda chako, tangu nianze kazi, sijawahi kukuta kingine ila minyoo wekundu. Na ndipo majirani zangu wanapofulia na kuogeshea watoto, bomba la mtaa likiwa kavu. Mtoto wa mlango wa pili ana vidonda miguuni visivyopona.

Sasa kiwanda kinaomba kufungua bomba la pili, na bodi ya maji ilisema haitoi ruhusa mpaka wadudu wa kona hiyo wahesabiwe. Siku ya kuchota walikuja kwa magari matatu. Meneja wenu alivaa viatu vyeupe kuja kwenye tope, nikajua moja kwa moja ni mtu wa akili za namna gani. Mkuu wa maabara yetu, tunayemwita Bwana Pongezi kwa kuwa hajawahi kukutana na jambo asilolipongeza, alimshikia mwavuli. Wewe hukuwepo. Ulituma salamu kwamba una mkutano.

Mwenzangu alikoroga tope kwa mguu, mimi nikashika wavu, kisha tukamimina kwenye beseni jeupe. Kaka, walikuwemo! Wenye mikia mitatu, wa chini ya mawe, mpaka wale mafundi wanaojijengea nyumba ya mchanga na kutembea nayo. Bwana Pongezi alipiga makofi, akatangaza kwamba mto umepona, kabla hata maji hayajatulia ndani ya beseni. Meneja alijipiga picha na beseni langu kama mtu aliyezaa. Nami, nisikufiche, nilifurahi. Kwa muda mfupi niliamini, nikawaza kwamba nitakwenda kumwambia jirani yangu aogeshe mtoto bila hofu.

Halafu nikatazama vizuri. Nusu yao walikuwa wamegeuka matumbo juu. Wote walikuwa wakubwa, hapakuwa na mtoto hata mmoja, kana kwamba kijiji kizima hakijawahi kuzaa. Na wale wa chini ya mawe walikaa chini ya mawe gani, pale ambapo hakuna jiwe ila tope na mabaki ya ngozi? Mtu alikuwa amewamwaga asubuhi ile. Niliketi nikamdharau mtu huyo kwa moyo wangu wote. Mtu anayefikiri mto ni sahani, kwamba ukipanga kitu kizuri juu yake wageni watakula! Mtu anayejua vya kutosha kuiba, asijue vya kutosha kuficha. Hakujua hata kwamba wadudu wa maji baridi hawafiki adhuhuri kwenye supu ya kiwanda.

Nilimweleza Bwana Pongezi. Alisema nisiwe mtu wa kuona mabaya tu, tena akaniomba niandike kwamba matokeo yanatia moyo. Niliondoka nikaweka mafundi chini ya hadubini. Fundi hujenga kwa kile kilichopo alipo. Fundi wa kona ya kiwanda, kama angekuwepo, angejenga kwa manyoya ya ng'ombe. Hawa nyumba zao zilikuwa za ulanga, zinametameta.

Mto huu nimeutembea wote, kaka, kutoka chemchemi hadi daraja kuu. Vijiwe hivyo vya kumeta viko mahali pamoja tu, kwenye kijito cha nyuma ya jiko la mama. Ndipo wewe na mimi tulipokuwa tukiwavua mafundi nyumba zao taratibu na kuwapa shanga, tuone watajenga nini. Wewe ndiye uliyenionyesha. Haya yote ninayoyajua, mtu wa kwanza kunionyesha ulikuwa wewe.

Nilisimama kwenye sinki na beseni mkononi. Ningemwaga, ungepona, nami ningesema sampuli imeharibika. Sitajisifu, mkono uliinama. Kisha simu ikalia, na alikuwa mama. Alikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu tumzike baba, siku ambayo kabla ya hapo ndiyo ulionekana kwake mara ya mwisho. Aliniambia kwamba Jumapili umekwenda kumtembelea, mkashuka pamoja kijitoni, naye amekushikia chujio, magoti ndani ya maji baridi, kwa sababu mwanawe amekumbuka michezo ya utotoni. Alisema hukukaa kula, una kazi nyingi, maskini. Ameshawaambia majirani wote.

Niliporudisha simu mfukoni, niliweka beseni mezani nikaandika ripoti. Nimeeleza wadudu wametoka wapi na nani aliwabeba. Imeshafika bodi ya maji, bila kupitia kwa Bwana Pongezi, na wakiniita nitakwenda kuyasema hayo hayo mbele yako. Wewe kiti chako kitazunguka bila wewe. Kwa hilo sikulilii hata chozi moja. Mtu aliyedanganya bodi namdharau tu, wako wengi. Lakini mtu aliyempigisha mama yake magoti kwenye maji baridi ili amsaidie kudanganya, huyo hata jina la kumwita sina.

Mama sijamwambia. Amefua shuka za kitanda chako cha zamani, maana ulimwahidi kurudi karibuni, na kila nikimpigia ananiuliza kama nimesikia utakwenda siku gani. Nimemjibu akuulize wewe. Nenda, kaka, na safari hii usibebe ndoo.

Mbusu kitindamimba wako, umwambie shangazi yake anamkumbuka. Wifi mpe pole yangu, ataelewa baadaye ni ya nini.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Minyoo