Vijiti vya Mafia darini

Songea, Jumanne

Nasikia kinyaa tangu mchana, na hakijaisha.

Vile vijiti vya mikoko nilivyookota ufukweni Mafia niliviacha chumbani na unyevu wake, ili fangasi wa baharini waendelee kuota. Nilitaka kujua kama ni wa kisiwa chenyewe au waliletwa na magogo yanayoelea. Leo nimerudi kutoka Hanga, nikakuta mama ameshavisugua kwa majivu na kuvianika darini, juu ya moshi wa jiko, pamoja na mahindi.

"Vilikuwa vimeota ukungu, mwanangu. Vingeharibu mahindi."

Simlaumu. Mimi ndiye ambaye sikumweleza.

Nikampigia mwalimu anayenisimamia chuoni. "Vilowanishe tena," akasema. "Chochote kitakachoota, piga picha, andika kimetoka Mafia. Nani atajua?"

Kitakachoota si ukungu wa mahindi yetu? Nilitaka kutema mate. Mtu mzima, msomi, eti...

Halafu mdomo wangu huohuo ukajibu, kwa adabu zote: "Sawa, mwalimu."

Vijiti viko kwenye beseni, chini ya kitanda. Nimeshavilowanisha.