Ukurasa ya Kwanza ya Cahier

Butembo, Kimemi, siku ya tatu, 14/3/2001

Kwa yaya yangu, kaka yangu mukubwa mupendwa Zorobabel, Kasindi.

Wavukire, yaya. Ninakusalimia sana, wewe na mama ya batoto na batoto bote. Nilisikia malaria ilikuangusha tena, na kusema ulikataa kulala ku kitanda sababu malori ilikuwa imepanga foleni ku barrière ya mupaka. Sasa uko aje? Ile kichwa ngumu ni ya baba, na mimi pia alinigawia, utaona mu hii barua. Sisi huku tuko. Bugali inapatikana, mvua inanyesha muzuri ku mihogo, na mama mudogo anauliza kila siku kama ile kitambaa ulimuahidi ingali inatembea kwa miguu toka Uganda.

Ujumbe yako ya ku phonie, ile radio ya kutuma habari, ilinifikia jana asubuhi. Opérateur aliisoma kwa sauti mbele ya batu kumi benye balikuwa banangoja zamu yao, donc leo Kimemi nzima inajua kusema yaya yangu ananiomba nipande lori ya Kasimu siku ya tano, nipite Beni, nifike kwako, kisha nivuke ngambo mpaka mambo itulie. Na kusema mbele ya kuondoka nimupe komanda wa jeshi ile cahier anaitaka, daftari ya majina ya basomaji, sababu cahier ni karatasi tu. Asante, yaya. Najua ni upendo. Mais acha nikujibu kwa barua, sababu ku phonie banamukata mutu mbele hajamaliza hasira yake.

Wewe ulihama Butembo mbele bibliothèque yetu, nyumba ya kusomea bitabu, haijafunguliwa, donc hauijue. Ni nyumba ya mbao ya vyumba mbili nyuma ya soko, yenye bacommerçants balijenga na kuachia mutaa. Ku mulango nilipaka rangi na mukono yangu: KUSOMA NI BURE. INGIA. Batu balikuwa banasimama inje, banauliza nyuma ya hii bure kuko nini. Ni haki yao! Mu Butembo hata mvua tungeiuzisha kama ingekubali kukaa mu mufuko. Nilikuwa nabajibu kusema nyuma ya bure kuko kiti, ukae. Tulikuwa na bitabu mia ine na kitu, dictionnaire tatu, ramani ya Afrika yenye panya walikula Tchad, na machine ya kuandika yenye herufi K yake inakwama, na hapa kwetu bila K hauandike jina ya mutu hata moja. Asubuhi vijana benye banajitayarisha kwa examen d'État. Kisha saa ya mangaribi, kama soko inapunguka, bamama benye hawakusoma. Mutu mwenye anataka kuandikiwa barua, tunamuandikia. Mutu mwenye iko na karatasi ya douane, ya ushuru ya mupaka, hajue inasema nini, tunamusomea. Wewe ni déclarant, unajaza hizo karatasi kila siku, unajua namna mama anabandika kidole chini ya maneno yenye inamuibia.

Njo ile nyumba komanda anaitaka.

Mwaka jana, mwezi ya kumi na moja, komanda mupya alifika, mutu wa mbali, hajue lugha yetu. Alikuwa anatafuta vijana benye banajua kusoma, abapeleke ku camp upande ya Beni, abafundishe bunduki na radio. Siku moja ukurasa ya kwanza ya cahier yangu ikapatikana mu mikono yake. Ukurasa moja, batu kumi na bane, kila mutu na majina yake yote, avenue, numéro ya nyumba, sababu mimi niko mutu wa kuandika bintu vizuri. Basoda, baaskari bake, bakapita nyumba kwa nyumba asubuhi, batu bakingali ku chai. Balikamata batatu. Babili balikimbia ku njia, leo bako Mbau kwa bajomba bao, banalima. Wa tatu, Jean-de-Dieu, numéro saba mu cahier, hajarudi mpaka leo. Ni mutoto wa Mama Kasonia, ule mwenye anauzisha maharagi pembeni ya boucherie, duka ya nyama.

Mutaa ikasema ni Sikuli alitoa ile ukurasa. Unamukumbuka Sikuli, ule mulinzi mwenye alitufukuzaka ku mapera ya mission tukiwa batoto? Yeye njo analinda bibliothèque. Mutu mumoja alimuona akigawana tumbako na soda, ikatosha. Toka ile siku, ku soko banamuuzishia ndizi bila kumuangalia, na ku misa benchi yake inabaki wazi kama iko na upele. Yeye hakujitetea. Anafika kila asubuhi, anafagia, anasimama ku mulango, anabasalimia batu benye hawamujibu.

Wiki mbili kisha mutoto kukamatwa, Mama Kasonia aliingia mu somo ya bamama. Alisema kusema kama Jean-de-Dieu ataandika siku moja, hataki kinywa ya mutu mwingine imusomee mutoto wake. Tulianza na A. Sasa iko ku ukurasa ya makumi mbili na moja, na anaandika jina yake bila kutoboa karatasi. Ananiita mwalimu. Kila siku ya sita ananiletea kikombe ya maharagi. Akipita ku mulango, anamutemea Sikuli mate pembeni ya miguu. Weka hiyo mu kichwa, yaya, nitairudilia.

Sasa mwezi jana komanda akatuma secrétaire wake: anataka nyumba ikuwe bureau yake, bitabu bitawasha moto ya jikoni ya camp, na mimi nimupelekee cahier nzima. Cahier nzima ni batu mia mbili na makumi tatu! Sikulia. Nilikasirika mpaka masikio ikapiga kelele. Niliwaambia bamama, na siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya mutaa, wakati Kimemi yote iko ku barabara na majembe, na basoda banasimama kuhesabu nani hakufika, bamama balipita mbele yao na bitunga ku mugongo, kamba ku paji ya uso, majani ya sombe juu, bitabu chini. Kila musomaji aliazima kwa utaratibu, nisikudanganye: niliandika mu cahier, aliweka sahihi. Sikutoa kitabu hata moja zawadi. Basoda balipokuja kupima nyumba, balikuta mbao na panya, na ramani bila Tchad.

Nyumba aliiacha kwanza, mais cahier bado alikuwa anaitaka. Basi nikakaa, nikamuandikia cahier mupya, na mwandiko yangu ya muzuri kabisa. Mia mbili na makumi tatu, hakuna hata moja ya uongo. Niliruka tu jina ya ubatizo, jina ya baba na avenue. Nikaandika ile jina kila mutoto wetu anazaliwa nayo kufuatana na zamu yake mu tumbo ya mama. Kambale. Kasereka. Kakule. Masika. Kambale. Kambale. Yeye, mutu wa mbali, hajue kusema mu nyumba zetu zote mutoto mwanaume wa pili ni Kambale, na wa tatu Kasereka, toka babu ya babu. Alishukuru. Basoda bake bakaenda ku soko na karatasi, mumoja akaita kwa nguvu: Kambale! Yaya, ungekuwa hapa! Soko nzima iligeuka. Mwenye anauzisha nyama aliitika, fundi ya saa aliitika, catéchiste aliitika, muzee bila meno akasimama na fimbo yake akisema niko, munipeleke, mais mutanibeba. Batu balicheka mpaka mama mumoja akamwanga mafuta yake.

Komanda hakucheka. Aliniita, akaniuliza kama ninamuona mupumbafu. Nilimwambia achague jina yoyote mu ile cahier, na mimi nitamuonyesha mutu mwenye anaitwa vile. Alinifungia siku mbili mu dépôt, ghala ya simenti. Bamama ba somo balikuja kukaa inje ya mulango na bitabu byao, banasoma ba-be-bi-bo-bu kwa sauti kubwa, asubuhi mpaka mangaribi, mpaka ule soda wa mulango alianza kubasahihisha. Siku ya tatu komanda akanifungulia. Alinipa mpaka siku ya kwanza ya wiki inayokuja nimuletee cahier ya kweli, na avenue zake.

Cahier ya kweli haiko tena. Niliichoma ku jiko, karatasi kwa karatasi, nikipika sombe, na hakuna karatasi niliweka mu moto mbele sijaijua kwa moyo. Uniulize! Kambale mwenye iko na kitabu ya hesabu ya mwaka ya sita ni ule wa pembeni ya kisima. Kambale wa dictionnaire kubwa ni mutoto wa fundi ya viatu, aliificha mu sanduku ya misumari. Masika wa kitabu ya wakunga anakaa nyuma ya kanisa, na tayari amezalisha bamama babili nayo. Bitabu mia ine, mu nyumba mia mbili na makumi tatu, na njia ya kurudi kwao iko mu hii kichwa tu. Donc unaponiambia nipande lori, yaya, unaniambia nipakie bibliothèque nzima ya Kimemi na kuipeleka ngambo. Hapana. Nimekataa.

Sasa nifike ku ile neno yenye inanizuia kulala.

Haikuwa Sikuli. Ni mimi.

Ile siku ya mwezi ya kumi na moja komanda alifika peke yake, bila bunduki, kofia mu mukono. Alisema alikuwaka mwalimu kwao. Alifungua cahier, akasifu mwandiko yangu. Alisema hajaona mu Kongo hii mutu mwenye anaandika vizuri vile, akauliza kama nilisoma kwa masista. Na mimi, yaya, nilifurahi kama mutoto mwenye bamepatia caramel! Akasema kama anapata majina ya basomaji bachache, ataomba kalamu za Bic na cahiers kwa bakubwa bake. Sikutishwa. Sikupigwa. Nilikaa ku meza, nikanyoosha mistari na règle, nikamukopia ukurasa ya kwanza na mukono yangu, pamoja na avenue na numéro, nikapuliza wino ikauke, nikamupatia na asante juu. Numéro saba: Jean-de-Dieu. Na wakati mutaa ilisema Sikuli, nilinyamaza. Nilijiambia nikisema, batu hawatarudi tena mu bibliothèque. Uongo. Niliogopa tu bataniangalia namna banamuangalia yeye. Miezi mine nilikula maharagi ya ule mama, yaya.

Komanda alinitega, ni kweli, na dhambi yake ataibeba yeye. Mais hii kipande ni yangu, na sitaivusha mupaka mu lori ya Kasimu, nimuachie muzee Sikuli abaki nayo.

Jana, kisha phonie, nilienda kwa Mama Kasonia ku soko, nikamuambia yote mbele ya meza yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinipiga kofi moja, nguvu sana, mpaka mizani yake ikaanguka. Kisha akafunga maharagi yake, akaenda. Nilifikiri imeisha.

Leo, saa ya somo, alikuja. Nilimuona toka ndani. Alisimama mbele ya Sikuli, akainama, akamusalimia na mikono mbili, kisha akamupatia ile kikombe ya maharagi yenye ilikuwaka yangu. Sikuli alivua kofia. Mama Kasonia akaingia, akakaa ku mukeka, akafungua kitabu. Aliniambia nisidanganyike kusema amenisamehe, hajanisamehe, na hajui kama itafika siku. Mais ile nyumba haiko yangu, ku mulango bameandika ni bure, na yeye hatalipa kwa kubaki mujinga sababu ya upumbafu ya mutu mwingine. Na kama nafikiri nitakimbilia Uganda nimuache katikati ya ukurasa ya makumi mbili na moja, basi nijaribu, atalala mbele ya tairi ya Kasimu. Bamama bote balisema ndiyo. Nilifungua kitabu, machozi ikishuka tu.

Donc umeona, yaya, sina ruhusa ya safari. Siku ya Mungu, kisha misa, nitasimama mbele ya batu bote niseme jina ya Sikuli na jina yangu. Kesho yake komanda akija kuuliza avenue, atatukuta tunasoma, bamama makumi tatu na mimi. Anaweza kunifungia tena. Ba-be-bi-bo-bu tunaijua.

Kasimu ataficha hii barua chini ya kiti yake. Ukimaliza, ichome. Pamoja nayo nimekutumia kitabu ya malaria, usome ukurasa ya kulala ku kitanda. Nimeiandika mu kichwa: Zorobabel, Kasindi, siku kumi na tano. Usifikiri sababu uko yaya yangu nitasahau. Nisalimie mama ya batoto, umubusu yule mudogo mwenye hajanijua, na ulete ile kitambaa ya mama mudogo mbele hajaniua na maswali. Mungu akulinde ku ile barrière, na sisi pia atulinde huku, tukingali tumesimama.

Mimi dada yako mwenye kichwa ya baba,

Anne-Marie Vagheni

Tena: chini hapa utaona maandiko mingine, makubwa, ya kupinda. Usiseme ni mutoto alichezea barua. Mama Kasonia aliuliza naandikia nani, akaninyanganya Bic. Ni barua yake ya kwanza mu maisha, na sikumusaidia hata herufi moja.

HAENDE.
KASONIA