Mwiko wa Ukurasa wa Arobaini

Mtua, Nachingwea

Dada yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku ambako jua linatuchoma na kisamvu kinatuponya. Bado namtafsiria yule mwanafunzi wa Kizungu anayetafuta shahada ya pili. Utafiti wake ni mwepesi: amekuja na tasnifu ya mwenzake aliyetangulia, na kazi yake ni kukagua kama watu wa huku wanaishi sawasawa na ilivyoandikwa.

Leo tulisimama shambani kwa Bibi Somoe, ufuta umechanua hadi ukingoni mwa makaburi. Bwana akafungua ukurasa wa arobaini, akasoma kwamba kwa Wamwera kupanda ufuta karibu na makaburi ni mwiko. Bibi akanigeukia taratibu.

Dada, mkalimani wa yule mwandishi wa kwanza nilikuwa mimi. Alipoulizwa kwa nini ufuta wake haukufika makaburini, Bibi alieleza kwa Kimwera kirefu jinsi mbegu zilivyomwishia kabla hajafika pale. Njaa ilikuwa inaniuma, nikafupisha: "Anasema ni mwiko."

"Safari hii mwambie nilichosema," akasema Bibi.

Nikamwambia yote, hata kosa langu. Bwana akatabasamu kwa huruma, kisha akaandika kwamba Wamwera wameanza kusahau mila zao.

Wabusu watoto. Mama naye mwambie mwanawe aliyeishia darasa la nne sasa ni msomi mkubwa: wenye shahada wanauamini uongo wake kuliko wanavyomwamini yeye mwenyewe akisema kweli.

Nduguyo akupendaye,
Athumani