Kipande cha Doti ya Mama

Vingunguti

Dada Noela,

Shikamoo. Ningekupigia simu, lakini nikisikia sauti yako tu nitalia, ndiyo maana naandika. Sie huku tunaendelea. Ile mihogo mikavu uliyotutumia kutoka Masasi, Augustine kaila karibu yote peke yake. Mume gani huyu!

Unaikumbuka doti ya mama, kanga nyekundu yenye korosho pembeni? Siku ya harusi yangu aliikata katikati, akatupa kila mtu kipande chake, akasema mkiitaka nzima mtafutane. Tulivyomcheka! Nikakuambia wewe umepewa chenye doa la chai, ukanuna mpaka pilau likapoa.

Changu nilijifunga juzi hospitali. Ziwa la kushoto lina uvimbe, dada. Nesi aliutangaza ugonjwa wangu mbele ya foleni nzima, utadhani ananadi mitumba, na wanawake wenzangu wakatazama chini kama vile mie ndiye niliyetukana. Augustine sijamwambia, anajua naendaga kwenye vikao vya kikoba. Ziwa watalikata lote, na naogopa atakavyoniangalia baadaye.

Daktari mwenyewe mpole. Aliniuliza siku ya upasuaji nitakuja na nani. Nikawa navuta tu pindo la kanga kama nilivyokuwaga nafanya mama akinifokea.

Upasuaji ni mwisho wa mwezi huu. Mihogo usilete safari hii, dada. Lete kipande chako.

Mdogo wako,
Marietha