Ufunguo wa Chumba cha Uani

Gongoni, Tabora
2 Mei 2024

Mpendwa Shangazi Zuwena,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na joto la Maskati lisiwe limekuchosha. Goti lako je, linakubali kusujudu? Sisi huku hatujambo. Mama yupo, kaka Salmini yupo na wanawe watatu, nyumba imejaa kelele, nami humo humo ndani niko peke yangu.

Usishangae kuona karatasi. Simu yako hushikwa na binti zako, na haya si ya kusomwa na kila mtu. Nimeifunga pamoja na asali ya Ipole unayoipenda.

Shangazi, kabla hujahama ulinisifu kwa kufunga Ramadhani nzima bila kuacha hata siku moja. Haukuwa ucha Mungu. Sijawahi kuingia mwezini. Nilipofika miaka kumi na sita, wanawake jikoni wakaanza kunitazama. Basi kila Ramadhani nikawa nala siku sita mbele yao, chapati na chai, nikijifanya nina udhuru. Chapati hizo zilikuwa hazishuki. Siku zile sasa nazilipa kidogo kidogo.

Mwaka jana nilikwenda hospitali ya Kitete, wakanipima kwa picha ya tumbo, wakaniandikia kwenda kwa daktari bingwa Dar es Salaam, nikaenda. Daktari yule, mama wa makamo, alinieleza taratibu: nimezaliwa bila uke wala mfuko wa uzazi. Mayai ninayo, nami ni mwanamke kama wengine. Kuzaa sitazaa, ila kwa upasuaji anaweza kunitengenezea uke. Zile posa mbili nilizokataa, mkasema naringa, sababu ndiyo hiyo. Maringo gani, Shangazi! Nililia hadi macho yakavimba.

Mama alizikuta karatasi za hospitali begini mwangu. Alizisoma, akazirudisha, akasema funika kombe mwanaharamu apite. Hatujalizungumza tena.

Kilichobaki ni chumba. Baada ya upasuaji itanibidi nitumie kifaa cha kutanua kila siku, miezi mingi, njia isije ikajiziba. Daktari ameuliza kama nina mahali pa faragha, na hatanipangia tarehe mpaka nimwambie ndiyo. Mimi nalala na watoto wa kaka, na mlangoni ni pazia tu. Chumba chako cha uani kina komeo kwa ndani, na ufunguo ulikwenda nao. Nakuomba ufunguo huo. Wakikuuliza, waambie umeamua tu.

Wasalimie binti zako, Nihal na Asila, na umpe mumeo shikamoo yangu. Mungu akuzidishie afya na akulinde ugenini.

Ukininyima chumba sitakuchukia, lakini usininyamazie. Daktari ndiye aliyeniambia mimi, na Mama alijisomea mwenyewe. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia.

Mwanao akupendaye,
Fakhria