Kigoda cha Nyuma ya Mwenyekiti

Shangazi,

Shikamoo. Naanza na hilo kwa sababu wewe ndiye uliyenilea, na hata nikiwa nimekasirika namna hii mdomo wangu hauwezi kuliruka. Itikia marahaba yako vizuri, kisha ukae utulie, maana nina maneno na wewe, na safari hii hutanikatiza kwa kunituma maji.

Nimekasirika. Tangu tukuzike nawaambia watu kwamba nina huzuni, na huzuni kweli ninayo, lakini chini yake kuna hasira ambayo sijui niipeleke wapi isipokuwa kwako. Mchungaji alikusifu sana siku ile. Alisema, "Mama huyu hakuwahi kupandisha sauti mbele ya watu." Wote wakatikisa vichwa kwa kukubali, na wengine wakafuta machozi. Mimi nilitamani kusimama nimwambie mchungaji kwamba hapo ndipo ugomvi wangu na wewe ulipo.

Unakumbuka ule mwaka ng'ombe walipoingia kwenye mahindi yetu, upande wa Kilangali? Nilikuwa na miaka kumi. Wanaume wetu walikuwa wananoa mapanga, na kule kwa wafugaji vijana walikuwa hawalali. Wewe ulinishika mkono, ukajitwika kikapu cha ndizi mbivu, tukaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mama Limi, kulekule kwa wafugaji ambako watu wazima walisema hakuendeki. Mlianza kwa kutukanana, kama ilivyo kwa watani.

"Nyie Wakaguru, mnalima vishamba vidogo kama leso, halafu mnalia ng'ombe wamekanyaga," alisema Mama Limi.

"Na nyie Wasukuma, mngekuwa mnaoga nyie kama mnavyowaogesha hao ng'ombe wenu, tungewakaribisha hata kanisani."

Mkacheka mpaka mkashikana mabega. Kisha mkaacha kucheka, mkaongea kazi. Ulikwenda pale karibu kila siku, mpaka mkapata jambo la kukubaliana: ng'ombe wapite njia ya mtoni mpaka mahindi yavunwe, na yakishavunwa wenye mashamba wawafungulie ng'ombe waingie kula mabua, na samadi ibaki shambani. Hakuna mwanaume aliyekuwepo mlipolitafuta jambo hilo. Nilikuwepo mimi, nanyonya ndizi na kuwatazama midomo.

Siku ya mkutano wanaume walikaa kwenye viti, akina mama kwenye mikeka, na wewe ukakaa kwenye kigoda nyuma ya kiti cha mwenyekiti wa kijiji, eti kwa sababu wewe ndiye wa kumpa maji ya kunywa. Alikunywa maji mengi sana siku ile! Kila ulipoinama kumpa kikombe ulimnong'oneza, naye akainua kichwa na kuyasema maneno yako kama vile ameyapika mwenyewe. Mapanga yakarudi majumbani. Baadaye akaja mkubwa kutoka mjini kumpongeza. Mwenyekiti akapigwa picha, akapewa mkono, akaitwa mpatanishi. Wewe ukapewa kitenge cha maua ya njano, kwa ajili ya chakula kizuri ulichowapikia wageni.

Njiani nilikuuliza, "Shangazi, mbona hukusema kwamba ni maneno yako?"

Ukanijibu, "Mwanangu, watu watalala salama. Jina la nini?"

Nilikuamini. Nilibeba jibu lako kama watoto wengine wanavyobeba rozari. Nilipopata kazi hii ya mambo ya nje, kazi ambayo hukuacha kuwatangazia watu pale sokoni Kilosa hata waliokuja kununua nyanya tu, nilijua kabisa namna ya kuifanya. Niliandika hoja za serikali, wakazisoma wengine. Nilikaa na mabalozi wa nchi jirani korido kwa korido, nikalainisha mambo, halafu mkuu wa ujumbe akaingia ukumbini kukuta mlango umeshafunguliwa. Maneno yangu yamesafiri nchi nyingi, Shangazi, kwenye midomo ya watu wengine. Kila mara nilijiambia watu watalala salama. Wenzangu wa kiume tulioanza nao wakapanda mmoja mmoja, na kila aliyepanda aliniambia kwa upole, "Dada, wewe ndiye injini yetu." Injini hukaa chini ya boneti, ndiyo maana wanaipenda.

Halafu ikaja ile semina ya Mikumi. Tulikuwa tunajiandaa kwa mazungumzo na jirani zetu kuhusu mifugo inayovuka mpaka. Uliposikia niko karibu ulipanda basi kutoka Kilosa na mihogo yako ya kuchemsha, ukasimama kwenye baraza ya hoteli ukichungulia kwenye kioo. Ndani nilikuwa nimekaa nyuma ya mkuu wetu wa ujumbe, kompyuta mapajani, namnong'oneza. Unajua nilikuwa namnong'oneza nini? Njia ya mtoni mpaka mahindi yavunwe. Mabua baada ya mavuno. Maneno yako na ya Mama Limi, yaleyale, sasa yanakwenda kuwa mapatano ya nchi mbili. Akayasema, ukumbi ukampigia makofi. Kisha akanigeukia akaniomba nikaangalie kwa nini chai imechelewa.

Nikatoka nikiwa nimekaza meno nisilie. Ukanishika mikono yote miwili, uso unang'aa.

"Nimekuona mwanangu," ulisema. "Umekaa palepale nilipokuwa nakaa mimi."

Ulifurahi! Shangazi, ulifurahi. Sijawahi kukasirika maishani kama nilivyokasirika kwenye baraza ile, na nikaimeza hasira kwa sababu ulikuwa umetoka mbali na miguu ilikuwa imekuvimba. Nikakumiminia chai ya wageni. Ukaisifu.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho tulipoonana. Safari iliyofuata nilishuka stesheni ya Kilosa nikapokelewa na watu wenye nguo nyeusi.

Ngoja nikuambie walichokufanyia watani kwenye msiba wako. Mama Limi alikuja na wenzake, wakaziba njia ya makaburini wakidai walipwe ndiyo upite, na tukalipa. Tuliporudi nyumbani akaingia chumbani kwako, akatoka amevaa kile kitenge cha maua ya njano. Akamweka mwenzake mmoja kwenye kiti, amejaza mto tumboni na kuvaa kofia, awe mwenyekiti. Mwenyewe akakaa nyuma yake kwenye kigoda. Akainama kumnong'oneza. Alinong'ona kwa sauti kubwa hata waliokuwa jikoni wakasikia: "Waambie njia ya mtoni!" Yule wa kofia akakohoa, akasema, "Nimefikiri sana. Njia ya mtoni!" Watu walianguka kwa kicheko. Mwenyekiti mwenyewe, mzee sasa, alicheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi. Mimi sikucheka. Niliwatazama wanavyocheka nikaelewa kwamba hakuna hata mmoja anayeshangaa.

Nilimfuata Mama Limi alipokuwa ananawa mikono. Nikamwamkia, akaniitikia, nikamuuliza kama siku zile walijua.

"Tulijua nini? Tulikuwa tunamsikia," alisema. "Wewe unadhani mtu ananong'ona hatua mbili na sisi tuna masikio ya kusikia fisi? Tukishamsikia yeye, tumemaliza. Yule mwenyekiti tulikuwa tunamsubiri tu arudie, kwa heshima."

"Na hakuna aliyesema?"

"Mwenyewe hakusema. Sisi watani tungesema nini? Tumesema leo."

Kwa hiyo walijua. Wanaume wetu walijua, wafugaji walijua, yule mwenyekiti aliyepigwa picha alijua kuliko wote. Wamekuacha ukunje mgongo nyuma ya kile kiti miaka yote, na mgongo huo ndio uliokuwa unakuuma ukilala, halafu siku ya kukuzika ndiyo wakaona ni kichekesho. Nimewakasirikia wote. Lakini wewe nimekukasirikia zaidi, kwa sababu wao sikuwapenda. Wewe uliniridhisha na kigoda ukakiita busara.

Nikiwa bado msibani mkurugenzi alinipigia simu. Alinipa pole, akazungumza kidogo kuhusu mapenzi ya Mungu, kisha akaniambia mazungumzo ya mpaka yamepangwa na mkuu wa ujumbe ni kijana ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuandika hoja. "Wewe utakaa nyuma yake, dada. Unajua mambo yote." Nilikuwa nimesimama uani kwako, na kile kitenge kinaning'inia kwenye kamba, Mama Limi amekifua.

Nikasema, "Nikienda, nitakaa mezani na nitasema mwenyewe. Nyuma sikai."

Akacheka, akidhani ni uchungu wa msiba. Alipoona sicheki, akasema watatafuta mtu mwingine. Na wamempata. Ni msichana mdogo, mwaka wake wa pili kazini, ana akili na ana heshima. Nafasi yangu imekwenda, Shangazi, sikufichi, na pengine cheo changu nacho. Nimelia kwa ajili ya hilo kwenye kitanda chako.

Jana yule msichana alinipigia. Akaniamkia vizuri, akasema ameambiwa akae nyuma ya mkuu wa ujumbe na hajui aanzie wapi, akaniomba nimsaidie. Nikajua hapo wewe ungefanya nini. Ungempa maneno na ukamwonyesha namna ya kuinama.

Nilimpa maneno yote. Nilimweleza njia ya mtoni na mabua, na nikamwambia yametoka kwa wanawake wawili wa Kilosa, na majina yenu nikayataja. Kisha nikamwambia, "Ukishayajua, usimnong'oneze mtu. Sogeza kiti chako mezani, nyoosha mkono, useme."

Akauliza kwa sauti ndogo, sauti kama yangu ya wakati ule, "Na wakikasirika, dada?"

Nikamwambia, "Wakasirike."

Ni neno moja tu, Shangazi. Nilikuwa na miaka kumi, tunarudi nyumbani, umebeba kitenge chako mkononi, na nilikuuliza. Ungeniambia hilo.

Pumzika. Kitenge nimekichukua. Nitakushonea gauni la kukaa mezani, nilivae mimi.

Bado nimekukasirikia,
mtoto wa kaka yako.