Mgeni wa Betri Iliyojaa

Jumanne, 2 Julai

Yule Bwana Krsto karudi tena. Mara ya tatu msimu huu! Wageni wa mume wangu Vukota huja mara moja tu – wanapanda mlima na zile baiskeli za umeme, Vukota mbele, wao nyuma kama vifaranga vya bata, wanafika ziwani kwangu, wanakula, wanapiga picha, wanateremka, hatuwaoni tena. Huyu anarudi. Kwa nini?

Jibini hapendi. Samaki anamchokonoa kwa uma kama anatafuta pete iliyopotea. Na kačamak yangu – nimesonga viazi na unga mpaka mabega yakawaka moto – kaonja kijiko kimoja, kasema ni nzito kwa tumbo lake.

Ziwa hakulitazama. Milima hakuitazama. Alitazama nyasi. Alitembea kutoka kwenye msonobari mkubwa mpaka kwenye uzio, polepole, hatua zinalingana, mikono nyuma. Nimewahi kuona watu wakitembea hivyo. Hao hawapungi upepo. Wanapima.

Nimemwambia Vukota alipokuwa anachomeka chaji. Kacheka. Eti tangu nizae namshuku hata paka. Huenda. Balša anaota magego, na mimi leo nimelala nimesimama, mwiko mkononi.

Alhamisi, 4 Julai

Ajabu ya leo niiandike kabla sijaanza kudhani nimeiota.

Tangu Pasaka mama mkwe ananisema juu ya nywele za Balša. Zinamwingia machoni. Mtoto anafanana na beberu. Watu watadhani hana mama. Haya, leo nimechukua mkasi wa jikoni, nimemkalisha mwanangu kwenye beseni, nimemfunga kitambaa shingoni – mama mkwe kaja mbio kaupokonya! Yeye na magoti yake mabovu. Kautia mfukoni mwa aproni.

"Acha hivyo, mwanangu," kasema. "Nywele za kwanza zina mwenyewe."

Mwenyewe nani? Kaketi kunimenyea viazi, yeye ambaye hajanimenyea kiazi tangu niingie nyumba hii.

Na ile taulo nyeupe ya sandukuni, yenye nakshi nyekundu, nimeikuta kambani, imefuliwa. Hiyo hutoka kwa harusi na kwa msiba. Hatuna bwana harusi. Mgonjwa pia hatuna.

Jumamosi, 6 Julai

Wacheki leo, wachangamfu, mmoja kaanguka kwenye kijito akatoka anacheka. Wamekula kila kitu, na maandazi ya asali wakaomba mengine. Ningekuwa na siku njema kabisa.

Lakini alikuwamo. Bwana Krsto na helmeti yake ya rangi ya chungwa. Kamletea Balša shati jeupe la kitani. Limemkaa kama ameshonewa. Nani kampa vipimo vya mwanangu?

Baada ya kula wenzake wakapanda baiskeli, yake eti imezima. Betri imekwisha. Vukota kamwambia asubiri, atawashusha wengine kwanza, atamfuata na gari. Vukota hakuiangalia hata baiskeli. Basi nikabaki naye peke yangu, Balša mgongoni, vyombo hadi magotini.

Kaniuliza ni kweli nyasi hizi zilikuwa za bibi yangu. Nikasema bado ni zake, ila yeye hayupo. Kacheka kwa adabu. Kaanza: kihoteli kidogo tu, cha mbao, nisingekiona hata. Nikamwambia ningekiona, maana ninayesimama hapa kutwa ni mimi. Na kwamba bibi alinipa mimi, si Vukota, si mtu mwingine, na siuzi.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Kamshika Balša kishungi cha nywele, taratibu, kakizungusha kidoleni.

"Tutaelewana tu, Stanija," kasema. "Tutakuwa jamaa."

Jamaa?

Akaenda nyuma ya miti kupiga simu. Nikaenda kwenye baiskeli yake. Nikabonyeza kile kitufe cha kwenye usukani, nimemwona Vukota akikibonyeza mara ngapi. Taa zikawaka. Zote! Za kijani, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.

Betri imejaa.

Jumatatu, 8 Julai

Nimemwambia Vukota habari ya betri. Kasema labda waya umelegea.

Huyu ni mtu anayegombana na mgeni kwa mkwaruzo mmoja. Betri ikimzimikia mlimani huifungua, huinusa, huizungumzia mezani siku tatu. Hii hakuigusa. Imesimama kibandani vilevile na matope yake.

Basi anajua. Sijui anajua nini, lakini anajua.

Balša kapata jino. Kaniuma nalo.

Jumatano, 10 Julai

Sasa na mimi najua.

Kaja Zumra, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, uzio wake na nyasi zangu zinapakana kule ziwani. Kaleta malai na samaki kama kila wiki. Kaniangalia miguuni, kaanza utani wake: "Wewe, unapata jamaa tajiri hivyo, bado unavaa buti zilizopasuka? Mwambie akununulie viatu kwanza, ndiyo amkate mtoto."

Nikauliza amkate nini. Zumra kaweka ndoo chini. Kaona kwamba sijui, na mimi nikaona kwamba mji mzima wa Plav unajua, mpaka muuza mikate.

Ijumaa, siku ya Mtakatifu Petro, ziwani, mbele ya wageni, Bwana Krsto atamkata Balša nywele za kwanza. Atakuwa baba yake wa nywele.

Baba wa nywele si mgeni tena. Ni mtu wa nyumba yetu, yeye na sisi, mpaka watoto wa watoto. Wazee wetu walimaliza visasi vya damu kwa kishungi kimoja cha nywele za mtoto. Na akiomba kitu, haambiwi hapana. Sijawahi kusikia mtu katika milima hii aliyemwambia hapana. Wapo waliotoa ng'ombe wa mwisho.

Na huyu ataomba nini, sihitaji kupiga ramli.

Zumra kanishika bega. Kabla ya kuvuka kijito alisimama kidogo, akasema mwanawe Enis anataka kurudi kutoka New York, mwaka huu huu, kachoka kuosha vyombo vya watu. Nikamwambia nafurahi. Sikuwa nasikiliza.

Nikaenda kibandani. Vukota alikuwa anapanga betri kwenye chaji. Nikamwuliza moja kwa moja Krsto alimwomba lini. Hakujifanya haelewi, angalau hilo.

"Mwezi wa tano. Mgahawani, glasi mkononi, mbele ya watu," kasema. "Mtu akikuomba hivyo, mama Balša, humkatai."

"Ungesema ngoja nimwulize mama yake."

"Wangenicheka."

"Basi wangecheka wakanyamaza. Sasa akiniomba nyasi za bibi?"

Kainamia chaji zake. Kasema labda hataomba. Kasema Krsto kaahidi baiskeli mpya, zenye nguvu za kufika hadi kwenye theluji, maana hizi zetu zinakufa na wageni wanaanza kwenda kwa wengine. Kasema yote hayo bila kuinua uso. Nilimwona kisogo, kimeungua na jua, na nikataka kukipaka mafuta, na nikataka kukipiga kofi. Nimekipaka mafuta.

Halafu nikamwambia polepole, ili asinisikie vibaya: "Ile betri ilikuwa imejaa, baba Balša. Mtu anayeanza ujamaa kwa uongo mdogo hivyo, ataumalizaje?"

Alhamisi, 11 Julai

Mkesha wa Mtakatifu Petro. Watoto wa kijiji wamezungusha mienge yao ya magome, Balša mabegani kwa baba yake anapiga makofi, nywele zinamrukaruka. Nzuri sana, zile nywele! Nyeupe ncha, nyeusi chini. Nimezinusa. Zinanuka moshi na maziwa.

Mama mkwe kapiga pasi taulo. Namsikia anaimba. Si mtu mbaya. Anaona mjukuu wake atakuwa na mtu mkubwa nyuma yake, basi.

Nimefikiri kutwa. Nikimficha mtoto, Vukota atakuwa amevunja neno lake mbele ya watu, na hapa mtu wa namna hiyo hata baiskeli humwazimi. Nikikataa mimi, watasema mwanamke kamtukana mgeni kwake. Lakini nywele za kwanza hukatwa mara moja. Zikishakatwa na mwingine, zimekatwa. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyekataa. Aliyechelewa kachelewa.

Na mimi siwezi kumkata mwenyewe, mama si mtu wa nje. Inatakiwa mtu wa nje.

Nimevuka kijito kumwomba Zumra amkate yeye. Yeye Mwislamu, sisi Waorthodoksi, na ndivyo wazee walivyopenda hasa, nyumba mbili za dini mbili zifungwe pamoja. Nilidhani atashtuka. Nilidhani atauliza kwa nini. Hakuuliza. Alifuta mikono tu.

"Una hakika?" kasema.

Nikasema nina hakika.

Kauliza tena. Nikasema tena. Kisha kanikumbatia, kwa nguvu, mpaka nikasikia mifupa yake.

Ijumaa, 12 Julai

Naandika ziwani, nimekaa kwenye gogo, sufuria kwenye moto. Mama mkwe atapanda baadaye na gari la muuza mikate, yeye na taulo yake. Vukota yuko njiani na wageni. Naandika ili mikono ipate la kufanya.

Zumra kafika umande haujakauka. Katoa mkasi wa kondoo, nikaruka, kacheka, katoa mdogo. Hivyo tu alivyo. Kampakata Balša. Kasema Bismillah, mimi nikafanya ishara ya msalaba, kila mtu na yake. Kakata mbele, nyuma, kulia, kushoto. Balša alilia kidogo, halafu akaona kishungi mkononi mwa Zumra akakitaka, kana kwamba ni mnyama mdogo. Zumra alizifunga nywele zote kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akaweka kifuani.

"Sasa mimi ni mama yake wa nywele," kasema. "Wewe na mimi ni nyumba moja."

Nililia. Si huzuni. Ni kama mtu aliyeshusha mzigo wa kuni baada ya kupanda mlima wote. Kwa mara ya kwanza tangu yule mtu aje nilivuta pumzi ikafika chini. Nikamtazama mwanangu na kichwa chake kidogo chenye mabaka, masikio yametokeza, nikacheka kwa kilio hichohicho. Hakuna wa kunichukulia nyasi tena.

Nikapika kahawa. Tukanywa. Jua likafika majini, samaki wakaanza kuruka. Zumra kaweka kikombe chake chini, kakigeuza, kakigeuza tena. Alikuwa anatazama uzio.

"Stanija, dada yangu," kasema. Hajawahi kuniita hivyo, huniita binti. "Nina jambo dogo la kukuomba. Ni la Enis."

Nikamsogezea sukari.

"Lakini wageni wako wale kwanza," kasema. "Hatukimbii."

Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Mara mbili! Na mama wa nywele naye haambiwi hapana.

Labda ni kazi. Labda anataka Enis afundishwe kuongoza wageni, apewe baiskeli moja. Labda ni njia tu ya kupitisha ng'ombe. Najiambia hivi.

Wameshatokea ng'ambo ya ziwa. Naziona helmeti zimejipanga kwenye jiwe jeupe, Vukota huwasimamisha pale wapige picha. Ya rangi ya chungwa iko mbele kabisa, karibu na ya Vukota. Hawawezi kuona kichwa cha mtoto kutoka kule. Baiskeli zile hazina sauti, ndiyo ubaya wake, mtu hujui wamefika mpaka wamefika.

Wameondoka kwenye jiwe.

Kačamak inaanza kushika chini, naisikia harufu, na siinuki. Zumra ameketi upande huu wa uzio, kwenye nyasi, Balša amemlalia mapajani. Anampapasa kichwa. Hanitazami. Amevua viatu, ameviweka pamoja, sawasawa, kama mtu anavyoviweka mlangoni mwa nyumba yake.